Mgeni simama tukuone! Jumapili ndani ya Itigi

WEWE unayesoma hapa, hebu jibu bila kuzuga: Jumapili iliyopita saa 3 asubuhi ulikuwa wapi? Kama ulikuwa kitandani ukiuguza uchovu wa Jumamosi, sina ugomvi nawe, wenzako ni wengi. Kama ulikwenda kanisani, nina swali la pili. Ulikaa benchi la ngapi, na uliondoka kabla ya matangazo au baada?

Mimi nilikuwa bingwa wa benchi la mwisho. Miwani myeusi, shati limenyooshwa mpaka linakata, naingia somo la kwanza likiwa limeshapita, naegemea nguzo. Komunyo ikiisha tu, mimi tayari niko getini napatana bei na bodaboda. Dakika 40 nimemalizana na Mungu mpaka wiki ijayo. Mjini hapa tunaita kwenda kanisani. Marehemu bibi yangu angesema nilikwenda kuchungulia.

Maisha yakaenda hivyo miaka nenda miaka rudi, hadi mama mkubwa alipougua.

Mama mkubwa anaishi kijijini, upande wa Tabora, jirani na reli. Tumbo lilimsumbua muda mrefu, akawa analituliza kwa mitishamba na sala, mpaka siku lilipogoma kutulia. Wenye akili wakasema apelekwe Itigi. Kikao cha ukoo kikakaa, siku hizi vikao vyenyewe vinakaa kwenye simu, kila mtu akaeleza jinsi alivyobanwa na kazi. Nikabaki mimi, mwandishi wa makala, ambaye kwa hesabu za ukoo wetu sina kazi ya kueleweka. Uamuzi ukapita bila kupingwa.

Basi bwana, nikapanda gari.

RELI, VICHAKA NA PADRI ALIYEMGOMEA NAPOLEON

Kwa msiojua ramani: ukitoka Dodoma kuelekea Tabora unapita Manyoni, kisha unakwenda kama kilomita 40 hivi, unaingia Itigi. Ni mji wa Mkoa wa Singida uliokaa kwenye Reli ya Kati, ile aliyoijenga Mjerumani, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Zamani mgeni wa Itigi alishuka kwenye treni usiku wa manane, viatu mkononi. Sasa lami ipo, mabasi yanapita, na pembeni inajengwa reli mpya ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora. Ikikamilika, wazee wa stesheni watakuwa na mengi ya kusimulia.

Vitu viwili vitakupokea. Cha kwanza ni vumbi, na hilo halina utani, litakupiga mpaka ndani ya masikio. Cha pili ni vile vichaka. Siyo vichaka vya kwetu Kimara vya kufichia takataka. Vichaka vya Itigi ni msitu mfupi uliosongamana, miti imeshikana matawi kama watu waliokataa kuachana, hata mbuzi anafikiri mara mbili kabla ya kuingia. Wataalamu wa mimea wanavijua dunia nzima kwa sababu vya aina yake vipo sehemu chache mno, hapa na kule mpakani na Zambia. Bahati mbaya shoka na mkaa navyo vimeshavijua. Humo humo wanatoa asali, na ardhini wanachimba jasi inayokwenda kwenye viwanda vya saruji. Watu wa hapo ni mchanganyiko: Wakimbu, Wagogo, Wanyaturu, Wanyamwezi, Wasukuma na ng'ombe wao, pamoja na kila aliyeletwa na treni akasahau kupanda ya kurudi.

Lakini kinacholeta watu wengi Itigi ni hospitali. Inaitwa Mtakatifu Gaspar, na ni kazi ya Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu, mapadri walioingia pande za Manyoni miaka ya 1960. Wagonjwa wanatoka Singida, Tabora, Dodoma, wengine wanapanda kutoka njia ya Rungwa inayokwenda Mbeya.

Nilijiuliza huyu Gaspar ni nani hasa. Kumbe ni Gaspar del Bufalo, Mtaliano wa Roma, aliyezaliwa Januari 6, 1786, sikukuu ya Mamajusi, ndiyo maana akapewa jina la mmoja wao. Napoleon alipouchukua mji wa Roma akawataka mapadri waape kumtii. Kijana Gaspar akagoma. Akafukuzwa mjini, akasota uhamishoni na magerezani mpaka 1814. Alipotoka akaanzisha hilo shirika la Damu Azizi, Agosti 15, 1815. Alikufa 1837 na kutangazwa mtakatifu 1954. Mtu alimgomea Napoleon, leo jina lake liko getini Itigi, mama mkubwa anauliza kama dawa zake zimefika.

JUMAPILI YENYEWE

Mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi: dada yangu, binti wa mama mkubwa, analala wodini kwa wanawake. Mimi kazi yangu ya nje: kuwasha jiko, kufua, kukimbia na vyeti, kununua ndizi. Siku tatu za kwanza sikuona kitu zaidi ya moshi wa kuni machoni. Ya nne ilikuwa Jumapili. Mama mkubwa, wakati huo alikuwa ameshafanyiwa operesheni na kurudiwa na sauti yake ya amri, akaniambia niende kumwombea. Na nisisimame nje. Sijui nani alimpasha habari za nguzo yangu.

Nikapiga pamba zangu za Dar. Nilipofika nikaona aibu kidogo. Kina mama wamevaa vitenge vya WAWATA, vimeoshwa mara nyingi lakini vimenyooshwa, vitambaa kichwani vimekaa sawa. Wazee wamevaa makoti, na joto lile! Watoto wa Utoto Mtakatifu wamepanga foleni na vitambaa vyao mikononi tayari kucheza. Bitozi mmoja tu katika kanisa zima, na bitozi mwenyewe ni mimi. Nikatafuta benchi la mwisho. Limejaa. Kila mtu aliwahi! Mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono, akaniongoza taratibu mpaka benchi la nne kutoka mbele, akaniweka katikati ya familia ya watu saba kama anayepanga gunia.

Kisha kwaya ikaanza.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kwaya ndiyo inayowaponza vijana wengi wakajikuta wako kanisani. Kwanza ni ngoma. Inapigwa taratibu wakati wa kuingia, watoto wanacheza kuja mbele, kayamba zinajibu, halafu sauti ya nne ya wanaume inaingia chini kabisa kama treni ya mizigo inayopita mbali. Nywele zinasimama. Hakuna mashine ya kurekebisha sauti, hakuna mtu anayechezea taa. Ni wauza nyanya, mafundi baiskeli na wanafunzi waliokaa wiki nzima jioni wakifanya mazoezi kwa sol-fa iliyoandikwa kwa chaki.

Tunaona kawaida, lakini babu zetu hawakuikuta hii. Wao walisali Misa ya Kilatini, padri amewapa mgongo, wao wanajibu maneno waliyokaririshwa. Ngoma ilikaa nje ya geti kwa sababu ilihesabiwa ni mambo ya kipagani. Mlango ulifunguliwa rasmi Desemba 4, 1963 katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, pale waraka wa liturujia ulipopitishwa kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Ukaruhusu lugha za watu na muziki wa watu kuingia kwenye ibada. Kardinali wetu Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuvaa ile kofia nyekundu, alikuwemo kwenye Mtaguso huo. Mwaka huo huo padri wa Kitanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Jirani zetu wa Kongo wakaenda mbali zaidi: Misa yao ya Kizaire, yenye kucheza na kuwaita wahenga, ilipata kibali cha Roma 1988, na Desemba 1, 2019 Papa Francis aliiongoza mwenyewe ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro. Kwa hiyo ukiona babu anatikisa bega kanisani usimcheke. Bega hilo lilisubiri ruhusa.

Na tusiwasahau wa madhehebu mengine. Ukifuata reli kwenda Tabora, ukiingia Ulyankulu, kuna ile kwaya ya Barabara ya 13 ambayo mama zetu walimaliza betri za redio kwa ajili yake. Ulyankulu ilianza kama makazi ya wakimbizi wa Burundi, waliokimbia mauaji ya 1972. Wenye uchungu wakiimba, wewe mwenye shibe utanyamaza.

Sina haja ya kuuliza wachumba wangapi Tanzania hii wamepatikana kwenye mazoezi ya kwaya. Wanakwaya wenyewe wanajijua.

KUKU ANAPOKWENDA ALTARENI

Sadaka ilinishangaza. Mjini tunatumbukiza noti tukiwa tunaangalia pembeni, na siku hizi namba ya kulipia kwa simu imebandikwa ukutani, unatuma ukiwa umekaa. Pale matoleo yalikuja kwa miguu. Mama kabeba ungo wa mahindi kichwani. Kijana na kidumu cha asali. Mtoto kashika mayai kama ameshika bomu. Halafu kuku jogoo, miguu imefungwa, anatazama waumini wote kwa dharau. Alipofika mbele aliwika. Padri mwenyewe ilibidi ajikaze.

Mama aliyekaa pembeni yangu alifungua pindo la kanga, akatoa sarafu mbili, akampa mwanaye moja ili kila mmoja apeleke mkononi mwake. Mimi nilikuwa na noti ya 10,000 mfukoni na ndogo nimeziacha kwenye nauli. Nilipiga hesabu za ndizi na dawa, nikapiga tena. Sitasema niliamuaje.

Kisha matangazo. Ndugu yangu mkimbiaji wa getini, hujui unachokosa! Matangazo ndiyo gazeti la mji. Nani na nani wanataka kufunga ndoa, mwenye pingamizi aseme. Mbuzi mweusi kapotea, ana alama sikioni. Jumuiya fulani zamu yao ya usafi. Kikundi cha vijana kinaitwa baada ya Misa, na safari hii wasikimbie. Wagonjwa watatu wa kuombewa, kwa majina na wodi.

Ndipo ikaja: wageni wasimame tuwaone.

Nikajikunja. Mtoto wa familia ile ya watu saba akanisukuma ubavuni, kwa nguvu. Nikasimama. Tulikuwa kama kumi na tano hivi, na nilipotazama nikaona karibu wote ni wenzangu wa jikoni kule hospitali, wauguza wagonjwa, macho mekundu kwa moshi. Mmoja mmoja akajieleza: natoka wapi, parokia gani, jumuiya gani, niko hapa kwa sababu gani. Zamu yangu ilipofika nikasema Dar es Salaam, nikataja parokia. Kimya. Watu wanangoja jumuiya. Nami, mbele ya Mungu na jogoo yule, nikataja jina la mtakatifu wa kwanza aliyenijia.

Makofi yakapigwa. Kwa uongo ule!

Baada ya Misa mzee yule aliyenipanga kwenye benchi akanifuata kunisalimu. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Akauliza mgonjwa wangu anaitwa nani na yuko kitanda gani. Halafu, kwa wema kabisa, akauliza mwenyekiti wa jumuiya yangu ni nani, kwani ana mwanaye anaishi parokia ile ile. Nikamwambia maji yanachemka jikoni.

JUMUIYA NI NINI HASA?

Kwa wasiokuwa Wakatoliki, na kwa Wakatoliki wa aina yangu: parokia imegawanywa vigango, vigango vikagawanywa jumuiya ndogo ndogo. Ni kaya za jirani, mara nyingi kumi mpaka ishirini hivi, zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki kusoma Neno, kusali na kujadili matatizo yao. Wazo lilianza kutembea Kongo mwaka 1961. Maaskofu wa Afrika Mashariki wakalikubali 1973 kwenye mkutano wao Nairobi, na 1976 wakalifanya jambo la kwanza kwenye mipango yao. Kwa Tanzania ya Mwalimu lilipata udongo wenye rutuba, watu walishazoea nyumba kumi kumi. Walutheri na wengine wanayo yao kwa majina yao.

Raha yake nimeieleza baadaye. Karaha yake naieleza sasa, maana siandiki tangazo.

Jumuiya za mjini zina michango. Wa ujenzi, wa padri kusafiri, wa jubilei, wa sare, wa viti, wa turubai la kufunika viti. Zina viongozi wale wale tangu tukiwa shule ya msingi. Zina umbea: sala inaisha saa moja kamili, habari za binti wa fulani zinaisha saa mbili na nusu. Na kijana akitia timu anapewa kazi ya kubeba benchi, akitoa wazo anaambiwa asubiri akue. Kijana wa miaka 28!

Halafu kuna barua. Mshikaji wangu mmoja alipanga ndoa. Ukumbi umelipiwa, kadi zimechapwa, bibi harusi ameshanyoa nyusi. Alipokwenda parokiani kwake, hapa hapa jijini, wakamwambia fomu isainiwe na mwenyekiti wa jumuiya yake. Mwenyekiti ni mama jirani, aliyemuuzia maandazi miaka sita. Akasema wazi: huyu namjua kwa maandazi, kwa sala simjui. Ndoa ilisogea kutoka Agosti hadi Januari. Malipo ya awali ya ukumbi yakaenda na maji. Mshikaji alikasirika, na mimi nilimsaidia kukasirika. Tukakubaliana kijiweni kwamba jumuiya ni mtego.

USIKU WA ALHAMISI

Jumatatu jioni baada ya ile Jumapili, kina mama watatu na mzee wangu wa benchi wakaingia wodini na chupa ya uji. Walimtafuta mama mkubwa kwa kitanda, wakakaa, wakasali sala fupi, wakanywesha na majirani. Jumatano wakaja wengine. Sikuwajua, na wao hawakunijua, zaidi ya kwamba nilisimama.

Kitanda cha jirani alilala dada mmoja kijana, ametoka kijiji cha ndani, njia ya Rungwa. Aliyemleta ni mdogo wake wa kiume, mtoto wa kama miaka 14, tuliyekuwa tukipokezana sufuria. Mtoto msemaji sana wa habari za mpira. Yule dada alikuja akiwa amechelewa mno. Alhamisi usiku akafariki.

Saa 10 alfajiri dogo ameketi kwenye ngazi, mikono magotini. Halii. Ameniuliza jambo moja tu: atamsafirishaje, kwani nauli aliyobakiwa nayo ni ya mtu mmoja, na mtu huyo awe amekaa. Nilishika simu yangu ya gharama nikaona sina wa kumpigia katika mji ule. Kisha nikamkumbuka mzee wa benchi, ambaye nilimkimbia kwa kisingizio cha maji.

Msomaji, niliyoyaona kuanzia saa 12 asubuhi siku ile sikuwahi kuyaona kwa watu wa benchi la mwisho. Habari ilipita nyumba kwa nyumba, hata jua halijapanda vizuri kina mama wameshafika na kanga. Fundi seremala wa jumuiya akatoa mbao, fedha itajulikana baadaye. Daftari likazunguka: 500, 1,000, 500, 2,000. Ikaja kujulikana kwamba marehemu hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mmoraviani. Nilidhani daftari litafungwa. Mwenye daftari akamtuma kijana kwa baiskeli kwenda kuwaita Wamoraviani wa mjini ili waje kusali kwa utaratibu wao, naye akaendelea kuandika. Jirani Mwislamu akatoa mafuta ya gari. Mchana pikapu ikaondoka na jeneza, mzee mmoja wa Kimoraviani, mama wawili wa jumuiya na yule dogo katikati yao. Aliwekwa pale katikati kama nilivyowekwa mimi siku ile kanisani.

Kwaya ilikuja pia, watu sita tu, wengine walikuwa kazini. Waliimba bila ngoma.

IBADA ISIYO NA PADRI

Jumapili iliyofuata katekista mmoja aliniomba nimsindikize kigangoni, maana pikipiki ilihitaji mtu wa kuisukuma kwenye mchanga. Hakunificha kwamba hiyo ndiyo sababu. Jimbo la Singida, lililoundwa 1972, ni kubwa na mapadri hawatoshi kufika kila mahali kila Jumapili. Kwa hiyo vigango vingi vinasali na katekista, na padri anakuja kwa zamu.

Tulipita katikati ya vile vichaka muda mrefu, mara shamba la alizeti, mara kundi la ng'ombe, mara kimya. Kanisa lenyewe ni la matofali ya kuchoma, bati, madirisha hayajapata mbao. Kengele ni kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa mtini. Dogo mmoja alikigonga kwa jiwe, baada ya nusu saa watu wakaanza kutokea vichakani utafikiri vinawazaa.

Hapakuwa na Misa, kwa kuwa Misa ni ya padri. Palikuwa na masomo, mafundisho, maombi na nyimbo, na maombi ndiyo yalinimaliza. Mjini maombi yanasomwa kwenye karatasi. Pale kila mtu anataja lake: mvua, tembo waliovamia shamba, mtoto aliyekwenda Dar na hajapiga simu tangu Pasaka. Mama yule alitamka jina la mwanaye kamili, majina matatu, kama anayemtangaza redioni. Nilitazama chini.

Kwa kuwa ni mtu wa magazeti nikapewa somo la kwanza nisome. Nilikwama kwenye majina ya miji ya Agano la Kale mara mbili, bibi mmoja mbele akanitajia bila kufungua kitabu.

SIMU NAYO INASALI?

Najua utaniambia: siku hizi Misa iko kwenye simu, mahubiri yako kwenye simu, ya nini kukaa na jogoo? Sikatai. Mgonjwa au aliye safarini, simu inamfaa. Lakini mwaka 2020 dunia ililijaribu hili kwa lazima. Machi 27 Papa Francis alisali peke yake kwenye uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro huku mvua ikinyesha. Kenya walifunga makanisa kuanzia Machi, na yalipofunguliwa Julai ilikuwa watu 100 tu, saa moja tu, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Fikiria kanisa la Itigi bila bibi zake! Kwetu serikali haikufunga, ingawa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara na Dayosisi ya Karagwe ya KKKT zilisimamisha ibada zenyewe kwa muda. Waliofungiwa walikuwa na Misa kwenye simu kila siku, na bado walipofunguliwa walipanga foleni.

Na wingi wa watu peke yake si ibada ya pamoja. Februari 1, 2020, Uwanja wa Majengo pale Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa maelfu, na kila mmoja alikwenda na shida yake mwenyewe. Namwogopa mhubiri anayekusanya watu wasiojuana majina.

Mama mkubwa aliruhusiwa baada ya wiki tatu. Siku ya kuondoka alitaka kwanza apitishwe kwa kina mama wa uji, nyumba kwa nyumba, na tumbo lake la nyuzi. Tukachelewa basi.

Nilipofika Dar nikamfuata mama wa maandazi, yule yule wa kwenye barua ya mshikaji wangu, maana tunaishi mtaa mmoja. Nikamuuliza jumuiya inakutana lini. Akanitazama kwa muda, akafikiri nataka kuoa. Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi nikawa barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwangu, nilipoishi miaka sita. Jina la jumuiya silo lile nililolitaja Itigi, hata kwa kukaribia halikaribii. Tuliposali, mwenyekiti akafunga kitabu, akauliza kama kuna mgeni, asimame tumwone.

Nikasimama.

Wakapanga ratiba. Jumamosi ijayo ibada ni kwangu, watu ishirini na tatu pamoja na watoto. Nina viti viwili, na kimoja mguu umelegea.